Deiwaka wa besiboli: kwa nini mrushaji wa akiba huhamishwa kila uchao

Tarehe 2 Agosti 2022, klabu ya besiboli ya Atlanta Braves ilimkabidhi mrushaji wake Jesse Chavez, pamoja na mwenzake mmoja, kwa Los Angeles Angels, nayo ikapewa mrushaji mwingine aitwaye Raisel Iglesias. Kabla mwezi huo haujaisha, Angels walikuwa tayari kumwachia Chavez, na Braves wakamchukua tena bila kumtoa mchezaji yeyote, hivyo wakabaki na Iglesias na Chavez pia. Msimu huohuo alikuwa ameuanza akiwa Chicago Cubs, ambao nao walikuwa wamembadilishana na Braves mwezi Aprili. Kwa hesabu ya haraka, mtu mmoja alivaa jezi za klabu tatu ndani ya miezi mitano, moja kati ya hizo mara mbili.

Msomaji aliyezoea soka akikutana na habari ya namna hiyo hujiuliza, na ni haki yake kujiuliza, huyu bwana ana kasoro gani hata hakai mahali. Katika soka, mchezaji anayezungushwa hivyo huwa ameshuka kiwango, au ana utovu wa nidhamu, au amegombana na kocha. Lugha ya habari zenyewe huzidisha giza, kwa kuwa husema kwamba fulani amemaliza opsheni zake, fulani amewekwa pembeni akisubiri hatima, fulani amepita mbele ya klabu zote bila kuchukuliwa. Nitayafungua maneno hayo kwa kumfuata Chavez mwenyewe, kwa sababu njia yake ya miaka zaidi ya 20 ilipita karibu kila kona ya kanuni hizo: alicheza katika klabu 9 za Ligi Kuu ya Marekani, na mara alizobadilishwa au kuuzwa kutoka klabu moja kwenda nyingine zinafika takribani kumi, idadi ambayo si rahisi kumpata mchezaji mwingine aliyeifikia.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa kiasi kinachotosha tu. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kuurusha mpira kuelekea kwa mpigaji wa timu pinzani, aliye mita 18 na kidogo mbele yake akiwa na rungu mkononi. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kuvifuata vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba, na akivimaliza vyote timu yake huhesabiwa mkimbio mmoja, ambao ndio sawa na bao. Mpigaji akikosa mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu ya timu hiyo imekwisha na nyingine inaingia kupiga. Zamu mbili hizo, moja kwa kila timu, hufanya awamu moja, na mechi ya kawaida ina awamu tisa.

Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa au zaidi, tena na tena, kunachosha bega na kiwiko kuliko kazi nyingine yoyote uwanjani. Mrushaji anayeanza mechi hupumzishwa siku nne au tano kabla ya kurudi tena, na katika besiboli ya leo ni nadra amalize mwenyewe awamu zote tisa. Huanza kulegea kwenye awamu ya tano, ya sita au ya saba. Hapo ndipo kocha anapotembea polepole kwenda kichuguuni, anaupokea mpira kutoka mkononi mwake, na kumwita mtu aliyekuwa akipasha misuli pembeni ya uwanja. Huyo ndiye mrushaji wa akiba.

Neno akiba lisitupotoshe. Katika soka, akiba ni yule anayekaa benchi akingoja mwenzake aumie au achoke, na mechi nyingi huisha hajanyanyuka. Mrushaji wa akiba yuko katika mpango wa mechi tangu asubuhi, na anaweza kuitwa mara 60 au 70 katika msimu mmoja. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni deiwaka wa daladala. Dereva mwenye gari ameendesha tangu alfajiri, amechoka, anashuka kituoni na kumwachia usukani deiwaka azungushe tripu mbili tatu. Deiwaka hakuchagua abiria waliomo ndani, hakuchagua foleni iliyo mbele, wala hakusababisha breki zianze kulia. Amekabidhiwa gari likiwa linatembea, na kesho huenda akaendesha gari la tajiri mwingine kabisa.

Mfano huu unatufikisha kwenye jambo linalowachanganya wengi, yaani takwimu. Kipimo maarufu zaidi cha mrushaji ni wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa. Ukiwa chini ya 3 unahesabiwa kuwa mzuri sana, na ukizidi 5 ajira imeanza kutikisika. Sasa chukulia kwamba ni awamu ya saba, mpigaji mmoja ametolewa, na wakimbiaji wawili wamesimama kituo cha pili na cha tatu. Mrushaji aliyeanza anatoka, wa akiba anaingia, na mpira wake wa kwanza unapigwa hadi nyuma ya uwanja. Wakimbiaji wote wawili wanafika nyumbani, yaani kituo cha mwisho. Mikimbio hiyo ni ya nani? Kwa kanuni ya uwekaji hesabu, mkimbiaji ni deni la mrushaji aliyemruhusu afike kituoni, kwa hiyo yule aliyekwisha kuondoka, ambaye labda ameshafunga bega lake barafu, ndiye anayeandikiwa mikimbio miwili. Wa akiba, aliyerusha mpira uliopigwa, kitabu chake kinabaki safi. Ni kama dereva aliyeko nyumbani akila chakula chake cha jioni atozwe faini ya kosa lililotendeka baada ya kushuka. Kinyume chake pia hutokea, na ndiyo maana anayemhukumu mrushaji wa akiba kwa namba hiyo peke yake anaweza kumpongeza asiyestahili na kumlaumu asiye na kosa.

Kuna kasoro ya pili, na hii ndiyo inayowapoteza watu ajira. Mrushaji anayeanza mechi, akiwa mzima, hufikisha awamu 150 au zaidi kwa msimu. Wa akiba hufikisha 60 hivi. Tuseme mrushaji mmoja wa akiba amerusha awamu 10 mwezi Aprili na kuruhusu mikimbio miwili tu, hivyo wastani wake ni 1.80 na kila mtu anamsifu. Usiku unaofuata anaingia, anafanikiwa kumtoa mpigaji mmoja tu na kuruhusu mikimbio minne. Wastani unaruka kutoka 1.80 hadi 5.23. Bega ni lilelile na mpira ni uleule, lakini dakika kumi na tano zimebadilisha sura yake mbele ya wakubwa wa klabu, nao wana kazi ya kuamua kesho asubuhi nani abaki na nani aondoke.

Ndani ya kundi la akiba kuna ngazi. Juu kabisa yuko yule anayeachiwa awamu ya tisa timu ikiongoza kwa mikimbio michache, ambaye kila anapolinda ushindi wa namna hiyo huandikiwa uokoaji, takwimu iliyotambuliwa rasmi tangu 1969 na ambayo, kwa maoni yangu, imelipisha klabu fedha nyingi kuliko inavyostahili. Chini yake wako wa awamu ya saba na ya nane. Chini zaidi wako wale wanaoingia timu ikiwa imeshazidiwa, ili tu kumaliza usiku bila kuwachosha wenzao. Chavez alipita ngazi karibu zote, na akiwa Oakland alianzisha mechi 21 mwaka 2014 na 26 mwaka 2015. Kwa hiyo madai kwamba mrushaji wa akiba ni mwanzilishi, yaani mrushaji wa kuanza mechi, aliyeshindwa yana chembe ya ukweli, kwa maana wengi wao walianza ujana wao kama waanzilishi, lakini hayaelezi kwa nini klabu hazikuacha kumtafuta mtu kama yeye. Sababu ilikuwa hasa kwamba aliweza kuingia wakati wowote, iwe awamu ya pili baada ya mwanzilishi kuumia, iwe ya nane. Tarehe 20 Oktoba 2021, katika nusu fainali dhidi ya Los Angeles Dodgers, Braves walimpa hata kazi ya kuifungua mechi kwa awamu moja kisha kuwapisha wengine. Mwaka huo Braves walitwaa ubingwa wa World Series, naye Chavez akapata pete ya ubingwa akiwa na umri wa miaka 38.

Sasa tuingie kwenye kanuni, kwani humo ndimo kuhamahama kunakozaliwa. Kila klabu ya Ligi Kuu ina orodha mbili. Ya kwanza ina watu 26, nao ndio wanaoruhusiwa kucheza usiku huo. Kati yao warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13 kwa sehemu kubwa ya msimu. Ya pili ina watu 40, yaani hao 26 pamoja na wengine ambao klabu inawamiliki lakini wako ligi za chini au ni majeruhi. Mechi ni 162 katika miezi sita, karibu kila siku, na mabega hayatoshi. Si ajabu klabu moja kutumia warushaji 30 au zaidi kabla msimu haujaisha, na kila anayeingia lazima amtoe mwingine orodhani.

Hapo linakuja neno opsheni. Mchezaji mchanga aliye kwenye orodha ya 40 anaweza kupelekwa ligi ya chini na kurudishwa bila ridhaa yake katika misimu mitatu. Kila msimu anaoutumia hivyo huhesabiwa opsheni moja. Ni kama mwajiri anayeweza kukupeleka tawi la mkoani Jumatatu na kukuita makao makuu Ijumaa. Zamani safari hizo hazikuwa na ukomo ndani ya msimu, lakini tangu 2022 mchezaji haruhusiwi kushushwa kwa njia hiyo zaidi ya mara tano kwa msimu. Kinachowashangaza wageni ni kwamba anayeshushwa mara nyingi ni yule aliyefanya kazi nzuri jana. Ametupa mipira 45 kwa awamu tatu, amewaokoa wenzake, na kwa sababu hiyohiyo bega lake halitafaa kwa siku mbili tatu. Klabu inahitaji bega bichi leo usiku, yeye ana opsheni, basi anafungasha mizigo.

Opsheni zikiisha, mambo yanageuka. Klabu haiwezi tena kumshusha kimyakimya. Lazima kwanza imweke mbele ya klabu nyingine zote 29, na yoyote inaweza kumchukua pamoja na mkataba wake. Ikiwa klabu inataka nafasi haraka, humwondoa mara moja kwenye orodha ya 40 na kumweka pembeni, kisha ina siku 7 za kuamua: imbadilishe na mchezaji mwingine, imweke mbele ya klabu hizo, au imwachie kabisa. Hicho ndicho kinachoitwa kuwekwa pembeni akisubiri hatima. Akipita bila kuchukuliwa na yeyote, anaweza kupelekwa ligi ya chini akiwa nje ya orodha ya 40, ingawa mkongwe, au aliyewahi kupitia hayo, ana haki ya kukataa na kujitafutia klabu mwenyewe. Sasa habari ya Agosti 2022 inasomeka. Angels walipomweka Chavez mbele ya wenzao, Braves walinyoosha mkono. Walimtumia kama sehemu ya bei ya kumpata Iglesias, kisha wakaiokota sehemu hiyo ya bei njiani.

Je, kupita bila kuchukuliwa ni mwisho wa mtu? Mfano wa kujibu swali hili uko ndani ya habari za Chavez mwenyewe. Novemba 2015, Oakland walimpeleka Toronto wakampata Mwaustralia Liam Hendriks, ambaye naye alikuwa amekwisha kuzungushwa kama mpira wa mkononi. Mwaka 2018 Oakland wakamweka Hendriks pembeni, na klabu zote 29 zikampita. Mwaka mmoja baadaye alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, na Januari 2021 Chicago White Sox wakampa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 54. Wataalamu wa klabu 29, pamoja na kompyuta zao, walikuwa wamemtazama mtu huyohuyo na kusema hawamtaki.

Limebaki swali la ridhaa, ambalo ndilo linalowatatiza zaidi mashabiki wa soka. Katika soka, klabu mbili zikikubaliana bei, mchezaji bado lazima akubali maslahi na klabu mpya. Akisema hapana, dili limekufa. Katika besiboli ya Marekani kinachobadilishwa ni mkataba, na mchezaji huufuata mkataba wake. Haulizwi. Desemba 2009, mwezi mmoja na siku chache baada ya Tampa Bay Rays kumchukua Chavez kutoka Pittsburgh, walimpeleka Atlanta wakampata Rafael Soriano, hata kabla hajawarushia mpira mmoja. Atlanta walikuwa hawataki kubeba mshahara wa Soriano, na Rays wakafaidika, kwa kuwa Soriano aliokoa mechi 45 msimu uliofuata huku Chavez akitaabika Atlanta na kuhamishiwa Kansas City ifikapo Julai. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba uhamisho ule haukuwa hukumu juu ya kiwango cha yeyote kati ya wawili hao. Ulikuwa hesabu ya mshahara.

Kanuni hii iliwahi kupingwa mahakamani. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kupelekwa Philadelphia, akaishitaki ligi, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikampinga kwa kura 5 dhidi ya 3. Hata hivyo mapambano yale yalizaa matunda kwa wengine. Leo mchezaji mwenye miaka 6 ya utumishi katika Ligi Kuu huwa huru kusaini popote mkataba wake unapokwisha, na mwenye miaka 10 ya utumishi, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Isome tena kanuni hiyo ya pili kwa jicho la deiwaka. Chavez alikaa katika Ligi Kuu kwa misimu mingi mno, lakini hakuwahi kukaa miaka mitano mfululizo mahali pamoja. Ulinzi dhidi ya kuhamishwa hupewa mtu ambaye tayari hahamishwi.

Kwa nini basi mtu avumilie maisha haya? Fedha ni sehemu kubwa ya jibu, na si vibaya kulisema waziwazi. Kima cha chini cha mshahara katika Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, ambazo zikigawanywa kwa siku za msimu ni zaidi ya dola 4,000 kwa siku. Katika ngazi ya Triple-A, iliyo hatua moja tu chini, kima cha chini kwa asiye kwenye orodha ya 40 kilichokubaliwa mwaka 2023 kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Kwa hiyo siku tisa juu zinamlipa mtu kama mwaka mzima chini, na klabu inayompigia simu saa tano usiku kumwambia apande ndege ya alfajiri haihitaji kumbembeleza. Zaidi ya hapo, siku 43 za utumishi humpa haki ya kuanza kustahili pensheni, na miaka 10 humpa pensheni kamili. Watu wa kazi hii huhesabu siku kama mtumishi wa serikali anayekaribia kustaafu.

Jambo hili limeanza kutugusa Afrika Mashariki pia. Vijana kadhaa wa Uganda wamesajiliwa na klabu za Marekani miaka ya karibuni, akiwemo mrushaji David Matoma aliyechukuliwa na Pittsburgh Pirates, klabu ileile iliyompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye Aprili 2017 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika Ligi Kuu hiyo. Wanaofuatilia vijana hawa mtandaoni hushangaa mwaka ukipita hawajawaona kwenye televisheni. Chavez alichaguliwa na Texas Rangers mwaka 2002 katika raundi ya 42, raundi ambayo siku hizi haipo tena kwa sababu uchaguzi wa chipukizi huishia raundi ya 20, na hakuirusha mipira yake ya kwanza katika Ligi Kuu hadi Agosti 2008, akiwa na Pirates hao hao. Miaka sita ya mabasi na viwanja vidogo ni muda wa kawaida kabisa.

Mwaka 2023, akielekea umri wa miaka 40, wastani wa Chavez ulikuwa 1.56, licha ya mpira uliopigwa na Miguel Cabrera wa Detroit mwezi Juni kumgonga kwenye muundi na kumweka nje kwa muda mrefu. Hakuwa tena na kasi ya kutisha. Aliishi kwa mpira unaopinda kidogo sana mwishoni, kiasi cha upana wa rungu, na kwa kujua mpigaji gani hana subira. Mwaka 2025 Braves walimpandisha na kumweka pembeni mara kadhaa ndani ya miezi michache, na kila mara klabu nyingine zikimpita alirudi kusaini na Braves haohao, kwa kuwa pande zote mbili zilijua kwamba baada ya siku chache litahitajika bega la kumaliza usiku mbaya. Alitangaza kustaafu mwezi Julai, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja atimize miaka 42.